Sina tarehe ya kuokoka, je Mungu aliniita kweli au nilisikia tu mahubiri?

Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Naomba usitaje jina langu, sema tu ni binti wa Moshi nipo Dodoma kikazi.

Mchungaji mi nimezaliwa kwenye familia ya Walutheri walokole, baba alikua mzee wa kanisa mpaka anafariki, mama yupo umoja wa wanawake hadi leo, yaani tangu najitambua maisha yangu ni kanisa tu, sande skuli, kwaya ya watoto, kipaimara, kwaya ya vijana. Sina kipindi ambacho naweza sema hapa ndo nilikua mbali na Mungu alafu akanitoa. Dhambi ninazo, tena zingine za chuo siwezi hata kuziandika hapa, ila kila nikianguka nilikua nalia narudi, sijawahi kufika mahali nikasema Yesu simtaki.

Sasa shida ilianza chuo. Kule feloshipu kila mtu akisimama anatoa ushuhuda, naitwa fulani, nimeokoka tarehe fulani saa fulani, nilikua mlevi, nilikua mzinzi, Bwana akanikuta. Zamu yangu ikifika mi nasema tu nampenda Yesu alafu nakaa haraka. Nikaanza kujiona kama nimeingia kwenye harusi bila kadi. Kila mkutano wa injili mhubiri akisema anaetaka kuokoka apite mbele mi napita, nimeongozwa sala ya toba mpaka nimeikariri, na kila nikitoka pale baada ya siku chache najiuliza tena hivi safari hii ilishika?

Mwaka huu nikaingia grupu la wasap la kujifunza Biblia, kuna kaka mmoja mwalimu mzuri sana akafundisha kuhusu mwito wa Mungu. Akasema kuna mwito wa nje, huo kila anaesikia injili anaupata, na kuna mwito wa ndani, ule wenye nguvu, ambao Mungu akiita lazima mtu aje, na huo ni wa wateule tu. Akasoma Mathayo 22:14, waitwao ni wengi bali wateule ni wachache. Alafu akasoma Ungamo la Westminster, lile tamko la imani la zamani la Wapresbiteri, sehemu inayosema kuna watu wanaitwa na Neno na hata Roho anafanya kazi fulani ndani yao lakini hawamjii Kristo kweli kweli, hivyo hawaokoki. Mchungaji nilizima data nikakaa gizani. Nikasema basi huyo ni mimi. Nimelelewa kanisani, nimezoea kanisa, nikadhani ni wokovu kumbe ni mazoea.

Juu ya hilo naolewa mwakani Mungu akipenda. Mchumba wangu yeye ni wa kanisa lingine la kiroho, na wametupa fomu ya ushauri wa ndoa, kuna kipengele "tarehe uliyookoka". Mi mpaka leo sijajaza. Mchumba anasema we andika tarehe yoyote tu hawaendi kuhakiki, lakini moyo unakataa.

Na la mwisho ni kaka yangu ninaemfuata. Tuliimba wote kwaya, ana sauti mchungaji, sa hivi anakunywa mpaka mama amechoka. Nikimwambia habari za kanisa ananijibu Mungu akinitaka atanifuata mwenyewe. Zamani nilikua nabishana nae ila baada ya hilo somo nikakosa jibu, maana si kweli? Kama ameitwa atakuja tu, na kama hajaitwa mi naomba nini sasa. Nimeacha kumtumia mistari na kusema ukweli nimeacha hata kumuombea.

Naomba unisaidie, nitajuaje kama niliitwa kweli? Na nimwambie nini kaka?

Binti wa Moshi.

Majibu

Marahaba binti yangu, na asifiwe sana. Pole. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kitu cha kwanza nakuomba hiyo fomu usiandike tarehe ya kubuni, moyo wako umekataa na umekataa vizuri, tutarudi huko chini nikuambie cha kuandika.

Sasa twende kwenye somo lenyewe. Huyo kaka wa grupu hajafundisha uongo, ila amekupa nusu, na nusu ya fundisho hili inaweza kumlaza mtu gizani kama ilivyokulaza wewe. Kwamba kuna kuitwa kwa masikio na kuna kuitwa kunakofika moyoni, hilo Biblia inalisema wazi. Ile ya Mathayo 22 ni kadi za arusi ya mwana wa mfalme, zinasambazwa na wengine wanaenda shambani kwao. Lakini ukienda Warumi 8:30 Paulo anaongea mwito mwingine kabisa, "na wale aliowaita, hao akawahesabia haki, na wale aliowahesabia haki, hao akawatukuza." Hapo hamna anaedondoka njiani, wote walioitwa wamefika. Na 1 Wakorintho 1 anasema Kristo aliyesulibiwa kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa Wayunani ni upuzi, bali kwao waitwao ni nguvu ya Mungu na hekima ya Mungu. Mahubiri ni yaleyale, mhubiri ni yuleyule, mmoja anacheka mwingine anaona uzima. Yesu mwenyewe alisema hakuna mtu awezaye kuja kwangu asipovutwa na Baba aliyenipeleka, Yohana 6:44. Kwa hiyo tofauti ipo, na kinacholeta tofauti ni Mungu kugusa moyo, sababu moyo wetu ukiachwa wenyewe hauji. Ezekieli 36 anauita moyo wa jiwe, na jiwe halijilainishi.

Ila sasa ona hao hao wa Westminster walivyoeleza hilo jambo kwenye katekisimo yao fupi ya 1647, swali la 31, nakuwekea kwa maneno yangu: kuitwa huko ni kazi ya Roho wa Mungu, anatuonyesha dhambi na hali yetu mbaya, anatia nuru akilini tumjue Kristo, anafanya upya utashi wetu, na hivyo anatushawishi na kutuwezesha kumpokea Yesu Kristo anaetolewa kwetu bure katika injili. Isome taratibu, tena isome leo usiku kabla hujalala. Umeona mahali wameandika tarehe? Umeona wamesema lazima ulie, lazima utetemeke, lazima uwe ulikua mlevi kwanza? Wametaja vitu ambavyo Roho anavifanya ndani ya mtu, na vyote hivyo unaweza kuvitafuta kwako leo hii bila kujua vilianza lini.

Na nikuambie kitu ambacho naona umekisahau, wewe hili fundisho ulilikariri kabla hujafika chuo. Si umepita kipaimara? Kwenye Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, maelezo ya kifungu cha tatu cha imani, ulisimama mbele ya mchungaji wako ukasema kwamba unaamini kwa akili zako na nguvu zako mwenyewe huwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu amekuita kwa injili, amekuangaza kwa vipawa vyake, amekutakasa na kukutunza katika imani ya kweli. Maneno hayo yalisemwa na mdomo wako ukiwa na gauni jeupe, na mama yako akiwa benchi la mbele. Hukuambiwa useme amewaita wengine walioshuhudia feloshipu. Ameniita.

Haya, kuhusu kukosa tarehe. Chukua Biblia ufungue Matendo sura ya 16, sura moja tu hiyo, uone watu watatu. Katikati kuna mwanamke anaitwa Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira, yuko kando ya mto siku ya sabato na wanawake wenzake kwenye maombi, Paulo anakaa anaongea nao, na Luka anaandika kwa ufupi kabisa kwamba Bwana aliufungua moyo wake ayatunze maneno yaliyonenwa na Paulo. Hamna kelele, hamna aliyepita mbele, ni moyo umefunguliwa na mama wa watu anaanza kuwakaribisha wahubiri nyumbani kwake. Mwishoni mwa sura kuna mlinzi wa gereza, huyo sasa ni usiku wa manane, tetemeko, milango imefunguka, amechomoa upanga anataka kujiua, anaingia anatetemeka anauliza nifanye nini nipate kuokoka. Huyo angekua feloshipu yenu angekua na ushuhuda wa saa nzima. Na mwanzoni kabisa mwa sura, mstari wa kwanza, kuna kijana anaitwa Timotheo, tunaambiwa tu mama yake ni Myahudi aliyeamini na ndugu wanamshuhudia vema. Tayari ni mwanafunzi. Aliokoka lini? Hatuambiwi, na Paulo hamuulizi, anamchukua waende kazini.

Alafu baadae Paulo akiwa gerezani anamwandikia huyo Timotheo barua, ile ya pili, sura ya 1. Mstari wa 5 anamkumbusha imani iliyokaa kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mistari minne tu mbele, mstari wa 9, anasema Mungu "alituokoa akatuita kwa mwito mtakatifu, si kwa kadiri ya matendo yetu sisi." Paulo aliyeangushwa chini njia ya Dameski anajiweka yeye na huyo mtoto wa Eunike kwenye mwito mmoja. Hakusema mimi niliitwa kwa mwito mtakatifu na wewe ulilelewa vizuri. Binti yangu hapo ukae hapo, usipite haraka, sababu hofu yako yote imejengwa juu ya wazo kwamba kulelewa na kuitwa ni vitu viwili vinavyoshindana, kwamba kama mama ndie aliyekufundisha kuomba basi Mungu hakuhusika. Loisi na Eunike ndio mkono Mungu aliotumia.

Hauko peke yako pia. Kulikua na mchungaji Mwingereza, Richard Baxter, wa miaka ya 1600 huko, alihudumu mji wa Kidderminster na watu wengi sana wakabadilika kwa huduma yake. Huyu alisumbuka na jambo lako hilohilo kwa muda mrefu. Alisoma wataalamu wa siku zake wanaeleza hatua za mtu kuongoka, kwanza hofu, kisha huzuni, kisha hiki na kile, akajitazama hazioni kwa mpangilio huo na hajui saa wala siku. Alikuja kutulia alipotambua kwamba Mungu havunji mioyo ya watu wote kwa namna moja, na kwamba malezi ya nyumbani ya kumcha Mungu ni njia ya kawaida kabisa ya Mungu kupitisha neema yake, wala si kitu cha kuwekwa upande wa pili wa Roho Mtakatifu. Mchungaji mkubwa namna ile, hana tarehe.

Hebu fikiria Kichagga chako. Siku gani ulianza kukielewa? Hujui na hakuna anaejua, ila bibi akikuita toka jikoni hata ukiwa umesinzia unaelewa na unaitika, wakati mgeni kutoka Lindi amekaa hapohapo anasikia sauti tu. Yesu alisema kondoo wangu waisikia sauti yangu nami nawajua nao wanifuata, Yohana 10:27. Alama aliyoitoa ni kusikia na kufuata.

Sidharau ushuhuda wenye tarehe, hapana, nisieleweke vibaya. Desturi hiyo sisi huku tumeirithi kwa sehemu kubwa toka uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia Bukoba na kwingine, na watu wengi walitoka gizani kweli, wengine walikua waumini wa jina tu na walihitaji kuamshwa kwa kishindo. Aliyeangushwa na Bwana siku fulani aseme siku yake tumshukuru Mungu. Lakini pale ambapo tarehe inakua ndio cheti cha kuingilia, tumeweka mlango ambao Mungu hakuuweka, na watoto wa Eunike wanabaki nje wakilia. Hilo linaniuma sana, kwa sababu si wewe wa kwanza kuniandikia, vijana waliolelewa vizuri wanatamani wangekua walevi kwanza ili wapate cha kusema. Hebu fikiria hilo.

Sasa kile kilichokuzimisha data, ile sehemu ya Ungamo, sura ya 10 kifungu cha 4. Ni kweli imeandikwa hivyo, na imeandikwa kwa sababu Yesu alifundisha kuhusu mbegu iliyoanguka penye miamba, yule anaelipokea neno kwa furaha kisha dhiki ikija anachukizwa na kuacha. Ila angalia inaongea habari za nani. Inaongea habari za watu ambao hawamjii Kristo. Wewe unaniambia kila ukianguka ulikua unalia unarudi. Unarudi kwa nani? Ndio swali langu kwako, na naomba ulijibu kwa uaminifu mbele za Mungu. Kama ulikua unarudi kwa Yesu mwenyewe kwa sababu huna pengine pa kwenda, basi ulikua unamjia, na anaemjia amevutwa, maana amesema hakuna awezaye kuja asipovutwa. Na mtu huyo ameahidiwa kwenye Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Umekua ukiuliza je niliisikia sauti ile maalumu, wakati Yesu anauliza umekuja? Mwito wa ndani hauna mlio wa tofauti unaoweza kuusikia pembeni ukautofautisha na injili. Ni injili ileile uliyoisikia tangu sande skuli, safari hii imefika moyoni, na utajua imefika kwa sababu moyo umeenda.

Na hata kama leo ungegundua kwamba hujawahi kumjia, jibu lisingekua kukaa gizani ukichunguza kama jina lako lipo. Sinodi ya Dort, ule mkutano wa Uholanzi wa 1618 na 1619 uliotetea fundisho hili kuliko wote, ilisema wazi kwamba wote wanaoitwa na injili wanaitwa kwa dhati, Mungu hawatanii, anaonyesha kweli kabisa kinachompendeza, yaani waje, na anawaahidi raha wote watakaokuja. Kwa hiyo mwito wa nje sio mwito feki, ni Mungu anaita kweli, na yeyote anaeusikia ana ruhusa yote ya kuja leo bila kwanza kuonyeshwa orodha ya wateule. Tena hao hao Dort kwenye sura yao ya kwanza, kifungu cha 16, walimfikiria mtu kama wewe, mtu ambae hajisikii bado imani hai wala utulivu wa dhamiri lakini anatumia njia za neema, kama Neno na maombi, wakasema huyo asishtuke akisikia mambo ya kukataliwa, yaani kwamba kuna watu Mungu hakuwachagua, wala asijihesabu huko, bali aendelee kwa bidii na angoje kwa unyenyekevu saa ya neema zaidi, kwa kuwa Mungu wa rehema ameahidi kwamba utambi utokao moshi hatauzima. Na Ungamo la Westminster sura ya 18 linakubali kwamba muumini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana sana kabla ya kupata uhakika. Huyo mwalimu wa grupu angewasomea na hizo usiku uleule.

Unaweza kuuliza sasa je Mungu akiita lazima nije basi mi ni mashine? Makanisa hayasemi sawa hapa na nakuambia ili usishangae ukifika kwa mchumba. Walutheri wenzako wanasema mtu hawezi kuja kwa nguvu zake, sifa yote ni ya neema, lakini anaweza kuikataa, na akiikataa kosa ni lake. Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanamfuata John Wesley, kwamba Mungu anatanguliza neema kwa kila mtu inayomwezesha kuitika au kukataa. Mimi nasimama na wale wa Dort, naamini moyo wa jiwe unahitaji zaidi ya kusaidiwa, ila hata wao walisema neema haitutendei kama magogo na mawe, haiondoi utashi wala kuulazimisha kwa nguvu, inauhuisha na kuuponya, na Westminster wakaongeza kwamba watu wanakuja kwa hiari kabisa maana wamefanywa kutaka. Zaburi 110 inasema watu wako wanajitoa kwa hiari siku ya uwezo wako. Uwezo ni wake na hiari ni yao, siku hiyohiyo. Ulipokua unalia unarudi kuna aliyekuburuta? Ulitaka mwenyewe, na kutaka huko ulipewa, Wafilipi 2:13.

Kwa hiyo mambo ya kupita mbele kila mkutano pumzika nayo. Ukihisi wasiwasi fanya anachosema Petro, 2 Petro 1, jitahidini kufanya imara kuitwa kwenu na uteule wenu, na ukisoma mistari ya juu yake anataja kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, upendo. Huko ndiko mtu anathibitisha kuitwa kwake, kwa kukua. Zile dhambi za chuo usizoweza kuziandika, hizo kaa na mchungaji wako au mama mmoja mcha Mungu mwenye kifua uziseme mara moja, muombe, ziishe, nahisi sehemu ya wasiwasi wako inatokea hapo kuliko kwenye Ungamo la Westminster.

Sasa kaka yako. Hapa nitakua mkali kidogo binti yangu kwa upendo. Hilo ulilohitimisha, kwamba kama ameitwa atakuja tu, ndio kinyume cha walichofundisha wote niliowataja. Mungu anaita kwa njia, na njia ni Neno lililo kwenye midomo ya watu. Imani chanzo chake ni kusikia, na watamsikiaje pasipo mhubiri, Warumi 10. Soma Matendo 18, Paulo yuko Korintho amepingwa, Bwana anamtokea usiku anamwambia usiogope, bali nena, wala usinyamaze, na sababu anayompa ni kwamba mimi nina watu wengi katika mji huu. Watu hao wengi wao walikua bado hawajaamini, wako sokoni na kwenye mahekalu ya sanamu, ila Mungu anawaita watu wangu, na kwa sababu hiyo Paulo asinyamaze. Akakaa mwaka na nusu akifundisha. Wewe sababu hiyohiyo umeitumia kunyamaza.

Na maombi ndio usiseme. Kama wokovu wa kaka ungetegemea ubishi wako na akili yake, hapo kweli kuomba kungekua bure, ungeomba Mungu afanye nini wakati kila kitu kipo kwa kaka? Unaomba kwa sababu Mungu anaweza kufungua moyo kama alivyofungua wa Lidia. Monika, mama yake Agustino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alimlilia mwanae miaka na miaka, kijana yuko kwenye anasa na kwenye dini ya Wamani, wafuasi wa mtu aliyeitwa Mani, mpaka askofu mmoja akamwambia mama nenda zako, haiwezekani mwana wa machozi haya akapotea. Mwaka 386 huko Milano kijana akavunjika kwenye bustani, mwaka uliofuata akabatizwa na Ambrosi. Na huyo Agustino ndie baadae aliandika kuliko wengi kwamba kuamini kwetu ni kazi ya neema tangu mwanzo, na hakuona hilo linapunguza machozi ya mama yake hata tone moja.

Siku kaka akikuambia tena Mungu akinitaka atanifuata, mwambie amekufuata sana, amekufuata na mama, na kwaya, na mimi hapa ninaekusumbua, unataka akufuate na nini kingine? Usimwambie akiwa amelewa, hapo mtagombana tu. Mpigie asubuhi. Na usianze na mistari, umesema ana sauti, basi muulize kama anakumbuka besi ya wimbo fulani mlioimba wote, mwambie aje arusi yako aimbe, mengine Mungu anajua kuyafungulia njia. Ila akikuuliza kuhusu Yesu usikwepe ukasema tutaongea siku nyingine, mwambie hapohapo kwamba Yesu anampokea kila anaekuja na yeye pia akija atampokea. Hilo unaweza kumuahidi mtu yeyote aliye hai bila kujua siri yoyote ya Mungu.

Fomu sasa. Pale kwenye tarehe andika hivi kama nafasi inatosha, na kama haitoshi andika nyuma ya karatasi: "Sijui siku. Nimefundishwa habari za Yesu tangu utoto, namwamini yeye peke yake kwa ondoleo la dhambi zangu, na ninamfuata leo." Uiandike tu kama unaweza kusema kila neno lake kwa kweli, na kwa nilivyokusoma naamini unaweza. Wakikurudishia omba kuonana na mchungaji wao uso kwa uso na mchumba akiwepo, nenda na 2 Timotheo 1 yako, ongea kwa adabu bila kubishana madhehebu. Wachungaji wengi wakikaa na mtu wanasikia kama anamjua Bwana au hamjui, karatasi hailioni hilo.

Na kuhusu mchumba kusema andika yoyote tu, hilo lizungumzeni nyie wawili kabla ya kurudisha fomu. Nadhani kijana wa watu alitaka kukupunguzia presha, ila mwambie kwamba hukutaka kuanza ndoa na sahihi chini ya kitu cha uongo, na umwambie pia habari yote hii ya hofu yako kama ulivyoniambia mimi, maana nahisi hajui ni kubwa kiasi gani. Msalimie mama.